Usipime Mafuriko kwa Mvua Moja



Ukitaka kujenga nyumba, usipime mafuriko kwa mvua ya mwaka jana tu. Pima kwa mvua za aina tatu.

Kwanza, mvua ya kawaida. Hiyo unaijua.

Pili, mwaka wa ziwa kujaa. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilijaa tena. Wewe wa Nkome, waulize wazee maji yalifika wapi. Piga kigingi hapo. Jenga mbali na kigingi, upande wa mlimani.

Tatu, dhoruba ya ghafla. Machi 2015, mvua ya mawe iliangusha nyumba Mwakata, Kahama. Watu zaidi ya 35 walikufa. Basi weka msingi wa mawe. Chimba mtaro.

Nyumba ya mvua ndogo huangushwa na mvua kubwa.