Picha Zinazojongea Zichorwe na Wanafunzi Wenyewe

Upepo wa ziwa ni somo gumu kulieleza kwa picha iliyotulia. Mwanafunzi wa Musoma huuhisi mwilini: mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji ya Ziwa Viktoria, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kushika nafasi yake, usiku mambo hugeuka. Lakini mshale uliochorwa kitabuni hauendi. Uhuishaji katika ukurasa wa tovuti waweza kuuendesha.

Msingi wake si mgumu. Jicho likionyeshwa picha zinazotofautiana kidogo na kufuatana upesi, mathalani 24 kwa sekunde kama katika sinema, huona mwendo mmoja. GIF, iliyotolewa mwaka 1987, hufungasha picha kadhaa katika faili moja. SVG, iliyoidhinishwa mwaka 2001, huhifadhi maelezo ya mchoro: mstari uanzie wapi na uishie wapi. CSS na JavaScript huongeza muda, yaani mshale ufike lini. Kazi ya kuchora huachiwa kivinjari.

Hivyo somo zima laweza kuwa maandishi ya kilobaiti chache, ilhali video ya dakika moja huhitaji megabaiti kadhaa. Faili ndogo kama hiyo yaweza kubebwa kutoka Musoma hadi Bunda na Butiama, ikafunguliwa pasipo intaneti.

Hata hivyo, chombo kichaguliwe kwa busara. Masomo mengi duniani yalitengenezwa kwa Flash, programu iliyokuwa mali ya kampuni moja. Adobe ilipoacha kuihudumia, tarehe 31 Desemba 2020, vivinjari navyo viliikataa, na kazi ya miaka mingi ikawa haifunguki. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ulilazimika kuandika upya majaribio yake mengi kwa HTML5. Shule zetu hazina mafundi wa kurudia kazi namna hiyo. Yafaa basi zianze na viwango vilivyo huru, ambavyo huandikwa kwa programu yoyote ya maandishi, bila malipo.

Pengine mtu atauliza: kwa nini tusitumie tu yaliyokwisha kutengenezwa ng'ambo? Yatumike yanapofaa. Lakini mtazamaji aweza kuridhika bila kuelewa, mchoraji hawezi. Asiyejua hewa hupanda wapi hajui mshale auelekeze wapi. Kwa hiyo wanafunzi wapime kwanza joto la mchanga na la maji, mchana na usiku, ndipo wachore. Kipimajoto kitangulie, kompyuta ifuate.