Weusi wa Magurudumu si Tope

Sina budi kuanza na ungamo. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa ningali nafundisha katika shule moja ya upili, nilinunua gari dogo lililokwisha kutumika, la kutoka Ulaya, ambalo rimu zake zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe kama maziwa. Nililionea fahari gari lile kupita kiasi. Nikiliosha Jumapili baada ya ibada, ifikapo Jumatano rimu za mbele zilikuwa zimegubikwa na weusi mithili ya masizi ya jikoni, ilhali zile za nyuma zilikuwa na nafuu. Nilidhani ni tope la njia ya shule.

Asubuhi moja mvulana wa kidato cha pili alichelewa kufika gwarideni. Badala ya kumwuliza kilichomchelewesha, nilimpa ndoo na burashi, nikamwamuru asibanduke pale hadi rimu zing'are. Aliporudi kuniarifu kwamba sabuni imeshindwa, nilimjibu kwa pupa ya mtu aliyekwisha kusikia kengele ya somo: tumia ile dawa ya chooni.

Alitii. Jioni nilikuta rimu zangu zimetoka mabaka ya kijivu, nikamkuta na mvulana mwenyewe ameuficha mkono wa kulia mfukoni. Vidole vitatu vilikuwa vimefura malengelenge. Tulimpeleka zahanati na, kwa rehema za Mungu, akapona. Mama yake alifika shuleni siku ya pili. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Mwalimu, kama ni uchafu wa gari, mbona ukamtafutia mtoto asidi?" Siku ile sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu hapo, na ninaandika kwa sababu bado ninaona, katika shule nyingi ninazozizuru, watoto wamechutama kando ya magari ya walimu wao, burashi mkononi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la elimu. Weusi ule haukuwa tope hata kidogo. Nyuma ya gurudumu la mbele la gari la kisasa kuna diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, nayo hubanwa na pedi mbili kila dereva anapokanyaga breki. Pedi hulika, na diski nayo hulika. Kinachotoka ni vumbi jembamba la makaa, gundi iliyoungua, pengine nyuzi za shaba, na zaidi ya yote chembechembe za chuma. Vumbi hilo huruka likiwa na moto, hutua juu ya rimu na kugandama. Kisha umande wa usiku huja, au mvua, na chuma kile hushika kutu papo hapo kilipotua. Kufikia hapo rimu haina uchafu juu yake tu, bali ina kutu iliyoota mizizi ndani ya rangi.

Sabuni huondoa mafuta na udongo, haiyeyushi kutu. Kila mwanafunzi aliyewahi kuanika shati jeupe juu ya waya uliochakaa analijua hilo: alama ya hudhurungi hubaki hata ukifua mara kumi, lakini ndimu huiondoa. Mwenzangu aliyekuwa akifundisha kemia alicheka alipoona jinsi nilivyoduwaa. Alichukua maji machafu yaliyooshewa rimu, akayatia katika chupa ya kioo, kisha akaisogeza sumaku ubavuni mwa chupa kwa nje. Weusi ulijikusanya upande ule kama masharubu. Nawasihi walimu wa sayansi walifanye jaribio hilo darasani, kwa kuwa halina gharama, na vumbi likiwa majini halimwingii mtu puani.

Mbona magurudumu ya mbele ndiyo yaliyochafuka zaidi? Mkumbuke abiria waliosimama ndani ya basi dereva anapofunga breki ghafla: wote huinamia mbele. Uzito wa gari nao huinama vivyo hivyo, kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Isitoshe, magari mengi madogo hayana diski nyuma bali yana ngoma, na ngoma huliweka vumbi lake ndani. Tena pedi za magari mengi ya Ulaya zimeundwa kung'ata kwa nguvu katika mwendo wa kasi, nazo huila diski kuliko zile za magari ya Kijapani yaliyojaa humu nchini. Wenye magari ya Kijapani wasitucheke sana, kwani rimu ya rangi ya giza huficha tu kile ambacho nyeupe hukitangaza.

Kosa la pili lilikuwa la dawa. Rimu nyingi za kisasa ni za mchanganyiko wa alumini, na alumini hujikinga kwa utando mwembamba sana wa oksidi, ambao watengenezaji huuongezea rangi na vanishi. Asidi ya haidrokloriki, iliyomo katika baadhi ya dawa za chooni, hupenya penye mkwaruzo na kuila alumini chini ya rangi. Wala asidhani mtu kwamba magadi yatamfaa zaidi. Tazameni sufuria iliyopikiwa mboga kwa magadi jinsi inavyokuwa nyeusi ndani, mtaona kwamba alumini haipatani na asidi kali wala na kinyume chake. Kuna pia dawa za rimu zenye asidi za jamii ya floridi. Hizo ni za kuogopwa kuliko zote, kwa maana hupenya ngozi hadi kwenye mfupa, na maumivu yake huweza kuchelewa hadi madhara yamekwisha kutokea. Mtu akirukiwa na asidi ya aina yoyote, amwagiwe maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe kwa daktari. Wapo nao wanaofuta rimu kwa mafuta ya taa. Hao wanaucheza mwili wao wenyewe, maana mafuta yakifika kwenye diski, breki huteleza.

Njia iliyo salama haina maajabu. Rimu iachwe ipoe kwanza, kivulini. Imwagiwe maji mengi ili vumbi legevu lishuke bila kurushwa hewani, kisha ioshwe kwa sabuni laini na burashi ya nywele laini, gurudumu moja baada ya jingine, kwa ndoo na sponji ambazo hazitagusa mwili wa gari. (Sponji iliyosugua rimu imejaa chembe za chuma. Ipitishe mlangoni uone michirizi utakayoichora.) Kutu iliyobaki iondolewe kwa dawa ya kuyeyusha chuma isiyo na asidi kali, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya magari. Utaitambua kwa mambo mawili: ikigusa chuma hugeuka rangi ya zambarau, na inanuka kama yai viza. Kemikali iliyomo ni ya ukoo mmoja na ile inayotumiwa katika saluni kuzikunja nywele, kwa hiyo akina mama wengine wataijua harufu yake kabla ya kusoma kibandiko. Isiachwe ikaukie pale. Ivaliwe glavu, isuuzwe vyema, rimu ikaushwe kwa kitambaa.

Kuhusu kinga, rimu iliyokwisha kutakata na kukauka ipakwe nta ya gari. Vumbi litaendelea kuja, ila litashindwa kushikilia, na maji matupu yatatosha kuliondoa mradi uoshe kila wiki wala usingoje mwisho wa mwezi. Hata hivyo kinga iliyo bora zaidi imo mguuni mwa dereva. Anayeteremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu huku amekanyaga breki mteremko mzima huzichafua rimu zake, huila diski, na huzichemsha breki hadi zikaanza kumsaliti mahali ambapo chini yake kuna bonde. Anayeingiza gia ya chini akaiacha injini izuie gari huzihifadhi rimu na roho yake pia. Pia asipuuze mtu gurudumu moja likiwa jeusi kuliko pacha wake wa upande wa pili. Aghalabu hiyo ni dalili kwamba kibano cha breki kimekwama, na hapo anayehitajika ni fundi, si mwosha magari.

Sasa nirudi kwa mtoto, maana hata angeepushwa na asidi asingekuwa salama kwa burashi kavu. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita pedi za breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini yanayostahimili joto, ambayo nyuzi zake zikivutwa na pumzi huleta saratani baada ya miaka mingi. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya asbesto mwaka wa 2005. Marekani ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku aina iliyokuwa bado ikiingizwa nchini humo mwaka wa 2024 tu, na breki zilitajwa miongoni mwa bidhaa zilizohusika. Hapa kwetu magari ya zamani yangalipo barabarani, na pedi isiyo na jina la mtengenezaji haimwambii mnunuzi kilichomo ndani yake. Macho hayawezi kutofautisha. Kwa sababu hiyo kupuliza breki kwa mashine ya upepo, kama wafanyavyo mafundi wengi wa kando ya barabara, au kusugua rimu kavu, ni mazoea ya kuachwa mara moja.

Hata lisipokuwa na asbesto, vumbi hili limeanza kuchukuliwa kwa uzito. Kanuni za Ulaya ziitwazo Euro 7, zilizopitishwa mwaka wa 2024, ndizo za kwanza kuliwekea kikomo: miligramu 7 kwa kila kilomita kwa gari dogo la petroli au dizeli, na miligramu 3 kwa lile la umeme tupu, ambalo hupunguza mwendo kwa kuigeuza mota yake kuwa jenereta. Wanafunzi na wapige hesabu. Gari linalotoa miligramu 7, likienda kilomita 20,000 kwa mwaka, litamwaga gramu 140, takriban kikombe cha unga, tena hilo ni gari lililotimiza sheria.

Watasema baadhi ya wenzangu kwamba kazi ya mikono haijamdhuru mtoto yeyote, na kwamba sisi tuliosha baiskeli za walimu wetu tukakua. Nakubali kuhusu kazi. Mtoto na afagie, alime bustani ya shule, apande miti. Lakini gari la mwalimu si mali ya shule, na baiskeli ya enzi zile haikuwa na vumbi la namna hii. Nawaomba walimu wakuu, pamoja na bodi zinazosimamia shule, wakikutana kabla ya muhula ujao kufunguliwa, waifute kazi ya kuosha magari katika orodha ya adhabu, na watie kufuli katika kabati la dawa za chooni.

Gari lile niliishia kuliuza likiwa na mabaka yake. Mnunuzi alichutama, akapitisha kidole juu ya rimu, akauliza kilichozipata. Nikamweleza yote, hata habari za vidole vya yule mtoto.