Baada ya Igizo, Nani Atawajibu Mabinti?

Kila mwaka, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba, katika siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, vikundi vya sanaa huzunguka kata kwa kata na shule kwa shule vikiwa na ngoma, maigizo na vipaza sauti. Parokia huombwa ukumbi au uwanja, nasi mapadre kwa kawaida hukubali bila maswali mengi. Ni vema. Hata hivyo, tunapenda kuwaalika waamini kutafakari pamoja nasi: kikundi kinapoondoka, kinamwachia nini binti aliyeketi kukitazama?

Jibu linategemea sana ni nani aliyetunga igizo. Mara nyingi kikundi hufika na maneno yaliyokwisha kuandaliwa; watu hucheka, hupiga makofi, hugawiwa fulana, na gari huondoka kabla jua halijazama. Hali hii si ngeni hata kwetu. Katika jubilei za mapadre, watoto wa Utoto Mtakatifu hukariri ngonjera aliyoiandika katekista, kisha sisi husema kwamba watoto wamezungumza.

Tanzania inayo historia ya njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanazuoni wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, ili wanakijiji wenyewe wachambue matatizo yao na kuyageuza kuwa maigizo. Mwaka 1996, Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba waliipeleka njia ya namna hiyo kwa wasichana wa shule za sekondari kupitia mradi ulioitwa Tuseme. Wasichana walibainisha vikwazo vya masomo yao, wakatunga igizo, wakalionyesha mbele ya jumuiya ya shule. Ukafuata mjadala na mpango wa utekelezaji. Wawezeshaji walipoondoka, klabu ilibaki. Baadaye shirika la FAWE, lenye makao yake makuu Nairobi, liliueneza mradi huo katika nchi nyingi za Afrika.

Hapo ndipo penye ugumu. Binti anapoigiza habari za mwalimu anayemtaka kimapenzi, au za baba anayepokea ng'ombe wa mahari kabla ya mtihani wa kidato cha nne, yawezekana wahusika wenyewe wameketi mstari wa mbele. Jukwaani anayo kinga kidogo, kwa kuwa anayesema ni mhusika wa igizo. Jioni anarudi katika nyumba ile ile. Kumpa sauti pasipo kumpa ulinzi ni kumweka hatarini, na tunathubutu kusema kwamba igizo la namna hiyo ni afadhali liahirishwe.

Bwana wetu alipomwinua binti wa Yairo, mwenye umri wa miaka 12, kwanza aliwatoa nje waliokuwa wakicheka, na mwishoni akaagiza apewe chakula (rej. Mk 5:35-43).

Mabinti wakiuliza kuhusu ndoa za utotoni, tusikimbilie kusema kwamba hilo ni la Serikali. Mwezi Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Nasi tujitazame: Kanuni ya 1083 ya Sheria za Kanisa bado inataja miaka 14 kwa mwanamke, ingawa inayapa Mabaraza ya Maaskofu mamlaka ya kuweka umri mkubwa zaidi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume Christus Vivit wa mwaka 2019, alikiri kwamba historia ya Kanisa ina sehemu yake ya ubabe wa wanaume. Binti anayo haki ya kutukumbusha hayo.

Basi, kabla ya kutoa ukumbi, Halmashauri ya Walei ijue lilipo dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi cha karibu, imfahamu afisa ustawi wa jamii, na kuwateua akina mama wawili au watatu wa WAWATA ambao mabinti wanawaamini. Namba 116, ya kuwasaidia watoto, ibandikwe mlangoni. UWAKA nao wafike, na wabaki hadi mjadala uishe. Kwa kawaida wanaume huondoka ngoma inaponyamaza.