Msema Pweke Hushinda

Kuna imani moja iliyokita mizizi miongoni mwa vijana wanaopenda hadithi za picha, nayo ni hii: kwamba aliyekiunda kitu ndiye ajuaye namna kilivyoundwa, na kwa hiyo neno lake halihitaji shahidi. Nimeisikia imani hiyo ikitetewa kwa ukali na wanafunzi wa Kibera na wa Kawangware, ambako katuni moja hupita dawati kwa dawati mpaka karatasi yake ikalegea kama kitambaa. Mimi naipinga. Tena naipinga kwa nguvu zaidi kwa kuwa wanaoitetea si wajinga, na baadhi yao wana mikono ya kuchora iliyo bora kuliko mingi inayolipwa mjini.

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mchoraji na mwandishi wa katuni naye ni mwamba ngoma. Asimuliapo jinsi kazi yake ilivyozaliwa huwa ana jina la kulinda, na mara nyingi ana fedha za kulinda vilevile. Haifuati kwamba ni mwongo. Yafuata tu kwamba yeye ni mmoja wa wenye kesi, na mwenye kesi hapewi kiti cha hakimu.

Tazameni habari ya Spider-Man, ambaye picha yake imechorwa ubavuni mwa matatu nyingi za Nairobi. Mwandishi wake, Stan Lee wa Marekani, alisimulia kwa miaka mingi kwamba mwenye kampuni aliikataa hadithi ile, akisema watu huchukia buibui. Ndipo yeye Lee akaipenyeza katika toleo la mwisho la gazeti lililokuwa linakufa, ambalo hakuna aliyejali kilichomo. Ni hadithi tamu. Lakini gazeti lenyewe, Amazing Fantasy namba 15 la mwaka 1962, lipo hata leo, na ndani yake mna tangazo la mhariri linalowaahidi wasomaji kwamba Spider-Man atatokea humo kila mwezi. Je, mtu hutoa ahadi ya mwezi ujao katika gazeti analojua kuwa linazikwa leo? Huenda uamuzi wa kulifunga ulikuja baadaye. Lakini hapo ile hadithi ya kupenyeza haisimami tena kama ilivyosimuliwa. Zaidi ya hayo, Jack Kirby alidai katika mwaka 1982 kwamba wazo lilikuwa lake, naye Steve Ditko, aliyezichora kurasa zenyewe, akaeleza kwamba kurasa tano za Kirby alizoziona zilikuwa na kijana mwenye pete ya uchawi, jambo jingine kabisa. Watu watatu, simulizi tatu. Lee mwenyewe alikuwa akitania kwamba kisa chake amekirudia mara nyingi hata pengine kimekuwa kweli. Watu walicheka, kisha wakaendelea kukinakili.

Mtaniuliza, yatudhuru nini haya? Yamewadhuru watu. Batman alitokea mara ya kwanza mwaka 1939, na kwa miaka mingi jina lililopigwa chapa lilikuwa la Bob Kane peke yake. Bill Finger ndiye aliyeandika hadithi ile ya kwanza, akashauri na mavazi yawe namna gani. Mwaka 1965 Finger alipozungumza mbele ya mashabiki, Kane aliandika barua kukanusha. Finger akafa mwaka 1974 bila jina lake kuandikwa pamoja na la mwenziwe. Kane alikiri upungufu huo mwaka 1989, mwenziwe akiwa kaburini miaka kumi na mitano. Hatimaye jina la Finger liliwekwa mwaka 2015, na si kwa huruma ya kampuni. Ni kwa sababu wako watu, kama mwandishi Marc Tyler Nobleman, waliokataa kuridhika na simulizi lililokuwapo, wakatafuta karatasi, picha na jamaa wa marehemu. Watu hao ndio mnaowaita wachokozi.

Turudi nyumbani. Gazeti la Joe lilianza Nairobi mwaka 1973, likiwachekesha watu wa mji kwa shida zao wenyewe. Akilisimulia mpenda uandishi, Joe huwa wa Hilary Ng'weno. Akilisimulia mpenda uchoraji, huwa wa Terry Hirst. Lifungueni gazeti lenyewe mwone mikono mingine, ukiwamo wa Edward Gicheri Gitau, yule yule wa Juha Kalulu. Hirst alifariki mwaka 2015, Ng'weno mwaka 2021. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyemchora Akokhan, alikufa katika ajali ya matatu hapa Nairobi mwaka 2012. Hao hatuwezi kuwauliza tena, na kila mwaka wa uvivu wetu unatupunguzia mashahidi.

Wenye Kibera, zaidi ya wote, mngepaswa kulielewa jambo hili. Kwa miaka mingi ulimwengu uliambiwa kwamba mtaa wenu una watu milioni moja, na wengine wakasema milioni mbili, kila msemaji akimnukuu mwenziwe. Sensa ya mwaka 2009 ikahesabu watu 170,070. Mtu anaweza kubishana na sensa, na abishane. Ila abishane kwa hesabu.

Shujaaz ni mfano ulio karibu zaidi. Lilipoanza mwaka 2010 lilitolewa bure kwa Sheng, ndani ya gazeti na katika vibanda vya M-Pesa, na vijana wengi wakamwandikia Boyie, mtangazaji wa siri wa redio ya chumbani, kana kwamba ni jirani yao. Boyie ni mtu wa kubuniwa, na nyuma yake kuna kundi la waandishi, wachoraji na watia rangi. Kumpenda si kosa. Kosa ni kushindwa kutaja hata mmoja wa waliomchora, ilhali mwataja kwa ufasaha nyumba aliyolala.

Basi tufanyeje? Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko mnavyoidhani. Chukueni simulizi, mwandike limesemwa na nani, mwaka gani, na miaka mingapi baada ya tukio. Kisha nendeni kwenye karatasi ya siku ile: toleo lenyewe, tarehe yake, ukurasa wenye majina. Makavazi ya Taifa yako Barabara ya Moi, mwendo wa matatu moja kutoka Kawangware. Tena mtafuteni mtia rangi au mchapaji, ambaye hakuna aliyepata kumhoji. Huyo aghalabu hana jina la kulinda.

Na ninyi mnaochora, andikeni nyuma ya kila ukurasa tarehe na majina ya wote waliougusa, hata yule aliyepiga mistari ya pembeni tu. Andikeni jioni ile ile, kabla wino haujakauka na kabla ya yeyote kuipenda kazi.