Mwuguzi Mpya Mbele ya Moyo Uliosimama

Jamaa nyingi za Kongo zina watoto waliofika Marekani kama wakimbizi, na baadhi yao wamesomea huko kazi ya uuguzi. Mmoja wao apatapo kazi penye wagonjwa mahututi, mara nyingi huagizwa ajipatie hati iitwayo ACLS, ya shirika la American Heart Association. Wazazi wasikiapo hayo wasidhani kwamba mtoto amerudishwa shuleni kwa sababu ya uvivu. Hati hiyo yahusu hasa msaada apewao mtu ambaye moyo wake umesimama. Nayo hudumu miaka 2 tu, kisha mwenye nayo hupimwa tena, awe mgeni wa kazi au mkongwe.

Twajua jinsi wanafunzi wajiandaavyo kwa mitihani ya namna hii: hujaza kichwa majina ya dawa. Adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 hadi 5; amiodaroni miligramu 300, baadaye 150. Ni lazima kuyajua. Lakini dawa iliyoingizwa mshipani haiendi popote ikiwa damu yenyewe imetulia, na kinachoisukuma damu wakati huo ni mikono ya mtu. Mikono hiyo yapaswa kukandamiza katikati ya kidari mara 100 hadi 120 kwa dakika, kidari kikishuka sentimita 5 au zaidi kidogo, bila kupita 6, kisha kukiachia kiinuke kabisa. Kituo kisizidi sekunde 10. Baada ya dakika 2 mwingine ashike zamu, kwa maana mkono uliochoka hudanganya: mwenyewe adhani angali akisukuma, kumbe anagusa tu.

Zamani waganga walipasua kifua na kuushika moyo wenyewe. Njia ya kukandamiza kwa nje ilienea tangu 1960, walipoiandika William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa Johns Hopkins, mjini Baltimore. Kouwenhoven hakuwa mganga. Alikuwa mwalimu wa ufundi wa umeme. Katika kuijaribu mashine yao kwa mbwa, ilionekana kwamba vile vibao vizito vilivyobanwa kifuani viliinua nguvu ya damu hata kabla ya umeme kupita. Wanafunzi wanaodharau somo la fizikia na wairudie sentensi hiyo.

Kisha kuna kusoma mistari ya moyo. Moyo unaotetemeka ovyo, na ule uendao mbio mno bila kutoa pigo shingoni, hupigwa umeme. Mstari ulionyooka haupigwi umeme, ingawa sinema hutuonyesha kinyume. Wa nne ndio mtego: mstari wapanda na kushuka vizuri, lakini mshipa wa shingo haupigi. Aitazamaye mashine na kumsahau mgonjwa hunaswa hapo. Umeme haufai; yafaa kukandamiza, kutoa adrenalini, na kutafuta chanzo kwa haraka: damu iliyomwagika, kukosa hewa, baridi kali, damu iliyoganda mapafuni.

Twaona, hata hivyo, kwamba mtoto wa kwetu atasumbuliwa zaidi na jambo jingine. Katika mtihani, mbele ya sanamu ya mtu, mmoja huongoza na wengine hutii. Kila agizo hurudiwa kwa sauti, «Adrenalini miligramu 1», kisha hutangazwa kwamba imekwisha kuingia. Na aonaye kosa hutakiwa kulisema, hata likiwa la mkubwa wake. Sisi tumelelewa tusimkosoe mzee mbele ya watu, na malezi hayo ni mema. Ndivyo tuwafundishavyo hata wanafunzi wetu. Ila mganga aliyeinama juu ya mgonjwa, jasho likimtoka, hawezi kuona yote, na heshima anayohitaji wakati huo ni kuambiwa. Iko namna ya kusema isiyomwaibisha mtu: «Daktari, mstari umenyooka; tuendelee kukandamiza?» Maneno machache, sauti ya kutosha. Anayejiandaa na akizoeze kinywa chake kama azoezavyo mikono, kwa maana usiku wa kazi maneno hayo hayatakuja yenyewe.

Wengine huuliza kama ni dhambi kuacha, mgonjwa asipoamka. Baba Mtakatifu Pius XII alisema juu ya jambo hili tarehe 24 Novemba 1957, mbele ya waganga wenye kazi ya kuwatia wagonjwa usingizi: mtu anapaswa kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, kadiri ya hali ya watu, mahali na nyakati, halazimishwi njia zinazomletea yeye au wengine mzigo mzito mno. Basi kiongozi anapoagiza wakome, baada ya kujaribu kwa haki, mwuguzi mpya asirudi nyumbani akijihesabu mwuaji. Na padri aitwe mapema, mgonjwa angali na fahamu zake.

Wanafunzi wa uuguzi hapa kwetu wasio na sanamu wala mashine ya umeme waweza kuanza na mikono. Mto uliojazwa sana, sakafu ngumu na saa yenye mshale wa sekunde vyatosha kuzoea mwendo. Ila wasimlaze mdogo wao chini na kumkandamiza. Moyo wake ungali wapiga.