Mzee na Nyumba ya Magurudumu

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi akaa Seattle, katika Marekani, ameniletea barua ndefu juu ya safari aliyoifanya mwezi wa Aprili 2024 pamoja na jirani yake, mzee wa miaka 70 aliyestaafu. Niliposoma mara ya kwanza nilimhurumia mzee yule. Mara ya pili nilimcheka kidogo. Mara ya tatu niliona afadhali niwasimulie.

Mzee huyu alifiwa na mkewe, akaiuza nyumba yake, akanunua gari kubwa ambalo ndani yake ni nyumba: mna kitanda, jiko la gesi, choo, tangi la maji safi, na matangi mengine ya maji machafu, ambayo hapana budi yakamwagwe mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Nilipofika hapo nikasema moyoni, "Bila shaka wanawe wamemtupa." Kumbe sivyo. Binti yake amemtengea chumba, na kila jioni humpigia simu. Yeye mwenyewe ndiye akataaye, kwani asema angali na macho ya kuendeshea gari. Tena serikali ya huko huwarahisishia wazee: mwenyeji aliyetimiza miaka 62 aweza kununua kwa dola 80 kadi ya kuingilia mbuga za taifa maisha yake yote, na katika kambi nyingi za mbuga hizo hulipa nusu ya ada.

Walishika barabara ya 101, izungukayo milima ya Olympic katika jimbo la Washington. Aprili huko baridi kali imekwisha kuondoka na miti yachipua, lakini mvua haijaondoka. Pepo zitokazo bahari ya Pasifiki hubeba unyevu mwingi. Zikifika milimani hupanda, hupoa, na kuyaacha maji yake upande huo huo. Katika msitu wa Hoh mvua ya mwaka mmoja ni kiasi cha inchi 140, yaani zaidi ya mara tatu ya mvua ya Mombasa. Miti yake ni mirefu ajabu, na matawi yamevikwa majani madogo mororo ya kijani yaning'iniayo kama ndevu.

Siku mbili walikaa humo, na mvua haikukatika. Kijana wangu alijifunza ya kuwa maji hayatoki nje tu. Pumzi ya alalaye hutoa mvuke, na gesi ya jiko ikiungua hutoa maji pia. Asubuhi vioo vyote vilikuwa vikitiririka. Kwa hiyo mzee huacha wazi kidogo tundu la paa na dirisha moja, hata usiku wa baridi. Juu ya jambo hili waligombana, na kijana akashindwa. Maji ya tangini nayo ni ya kuhesabu. Mzee alipomwona akitawadha kwa kikombe kimoja, alisema hajapata kuwa na abiria amfaaye kama huyu.

Walipofika kambi ya Kalaloch, juu ya ufuko wa bahari, mzee aliona doa pembeni mwa dari, juu ya kitanda. Akalibonyeza kwa kidole, ubao ukabonyea. Kijana aandika ya kuwa mzee aliketi kitandani asiseme neno muda mrefu. Nami namwelewa. Nyumba ya mawe ikivuja, mtu huhamia chumba cha pili; lakini yeye chumba cha pili hana, na gari la namna hii likiisha oza mbao zake, thamani yake imekwisha. Jioni ile binti alipopiga simu, mzee hakumweleza habari ya doa.

Dawa ya kuzibia paa anayo, ila haishiki juu ya paa lililolowa. Basi asubuhi waliondoka, wakapita Forks na ziwa Crescent, safari ya maili 100 na zaidi, mpaka Sequim. Mji huu uko nyuma ya milima ile ile, na kwa kuwa mawingu yamekwisha mwaga mzigo wake upande wa pili, mvua yake ya mwaka ni inchi 16 tu au karibu yake. Wakakuta jua. Walingoja siku nzima paa likauke. Kisha mzee akapanda na kopo lake, kijana akishika ngazi kwa mikono miwili na kumsihi ashuke amwachie kazi, mzee hakukubali.

Siku ya tatu wakarudi magharibi. Usiku mvua ikaanza tena. Walizima taa, wakalala kimya, kila mtu akisikiliza pembe ile ya dari.