Vikundi vya wanawake wa mipango miji vinahitaji mbolea ya kukuzia

JIJI la Dar es Salaam lilikuwa na watu 4,364,541 katika Sensa ya mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni 1 limeingia kwa sehemu kubwa katika mitaa isiyopimwa, ambako nyumba hutangulia na barabara, mtaro na soko huja baadaye, kama vitakuja.

Katika mitaa hiyo, anayejua maji ya mvua hutuama wapi na njia ipi haipitiki usiku ni mwanamke anayechota maji, anayeuza mchicha na anayempeleka mtoto kliniki. Ndiyo maana vikundi vya wanawake wanaojitolea kuhesabu nyumba, kuchora ramani za mtaa na kukaa meza moja na maofisa mipango miji vina thamani kubwa. Bila vikundi hivyo, ushirikishwaji wa wananchi huishia kwenye tangazo lililobandikwa katika ofisi ya kata.

Swali ni nani anayelipia kazi hiyo. Kwa sasa wanalipia wenyewe. Chukua mfano wa kikundi cha wanawake 20, kila mmoja akitoa siku 2 kwa mwezi. Hizo ni siku 480 kwa mwaka. Kama kila mmoja angepata faida ya Sh5,000 kwa siku kwenye genge lake, basi kikundi kimechangia Sh2.4 milioni ambazo haziandikwi katika kitabu chochote. Mchango huo una kikomo. Mtoto akiugua au biashara ikiyumba, mama huacha kuja, na ujuzi alioupata huondoka naye.

Ipo mikopo ya halmashauri. Tangu mwaka 2018, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo unamfaa mwenye mradi wa kuku au cherehani. Lakini ramani ya mtaro haiuzwi gengeni. Faida yake huenda kwa mtaa mzima, hivyo haiwezi kurejesha mkopo. Hapo ndipo ruzuku inapostahili.

Hata hivyo, ruzuku nayo huweza kuua kikundi. Fedha zikija nyingi kwa mkupuo, huishia kwenye semina na posho. Aliyekuwa akijitolea huanza kuuliza posho kwanza, na mradi ukifungwa, kikundi nacho hufungwa.

Wakulima wanalo somo katika hili. Mwaka 2008 Serikali ilianzisha vocha za pembejeo za ruzuku. Kaya ilipata mbegu na mbolea za kutosha ekari 1, ikachangia karibu nusu ya bei, na msaada ulipangwa kuwa wa misimu 3. Mpango huo ulikuwa na mambo mawili mazuri: mkulima alichangia, na mwisho wa msaada ulijulikana tangu mwanzo. Udhaifu wake mmoja mkubwa ulikuwa ucheleweshaji. Katika maeneo mengi mbolea ya kupandia ilifika wakati mahindi yamekwisha kuota.

Vikundi vya mipango miji vipimwe kwa mizani hiyo hiyo. Kwanza, mwanachama achangie. Huko Chamazi, familia zilizotakiwa kuondoka Kurasini kupisha upanuzi wa bandari zilijiunga katika vikundi vya kuweka akiba, ambavyo wanachama wake wengi ni wanawake, zikanunua ekari 30 na kuanza kujenga. Fedha za nje zilikuja juu ya akiba yao. Hazikuchukua nafasi yake.

Pili, mwisho ujulikane. Ruzuku iwe ya miaka 3 na ipungue kila mwaka, huku kikundi kikieleza tangu siku ya kwanza kitaishi vipi mwaka wa nne.

Tatu, fedha zifike kwa wakati na ziende panapouma. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inayataka mashirika kutoa taarifa na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Kazi hiyo haifanywi kwa kujitolea jioni baada ya kufunga genge. Inahitaji mtunza hesabu, mkaguzi na chumba cha kuhifadhia kumbukumbu. Lakini wafadhili wengi hupenda kulipia shughuli zinazopigwa picha na hukwepa gharama za ofisi. Matokeo yake, kikundi kisicho na hesabu zilizokaguliwa hakipati ruzuku, na kisicho na ruzuku hakiwezi kumlipa mkaguzi.

Halmashauri nazo zina wajibu. Makampuni ya upimaji hulipwa kwa kazi ya urasimishaji wa makazi. Kikundi kinachokusanya takwimu sahihi za mtaa nacho kipewe mkataba na kilipwe. Malipo hayo ndiyo yatakayokiwezesha kusimama baada ya mfadhili kuondoka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wanawake hawa wamelima kwa mikono mitupu kwa muda mrefu. Anayetaka kuwasaidia awape jembe, na awape kabla msimu haujapita.